Ofisi ya unasihi ipo, mnasihi yupo, wanafunzi hawaingii. Tuongee ukweli

Chaki_Nyeupe (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Shule nyingi za sekondari ukiuliza kama kuna huduma ya unasihi, yaani ushauri nasaha kwa wanafunzi, utajibiwa ipo. Utaonyeshwa chumba, utaonyeshwa jina la mwalimu mhusika kwenye ubao wa matangazo, pengine na ratiba iliyogongwa muhuri. Sasa uliza swali la pili: ni wanafunzi gani wameingia humo kwa hiari yao, bila kuitwa na bila kusukumwa na mwalimu wa darasa? Hapo ndipo watu huanza kukuna vichwa.

Mimi ni mwalimu, na kazi ya unasihi nimeibeba juu ya vipindi vyangu kwa muda mrefu sasa. Nimekaa kwenye semina tukiambiwa vijana "hawana mwamko wa kutafuta msaada". Sikubaliani. Vijana wanajua kupima mambo. Wameipima ofisi hiyo, wakaona kuingia kuna hasara kuliko kubaki nje.

Angalia chumba chenyewe. Mara nyingi kimebanwa kati ya ofisi ya makamu na chumba cha walimu, kwa hiyo kijana anapita mbele ya walimu wanaosahihisha madaftari, kila mmoja anainua macho. Nje kuna benchi, na hilohilo ndilo wanalokalia wanaosubiri adhabu. Kabla hujaitwa ndani, darasa zima limeshajua. Mlango haufungi vizuri. Mezani kuna daftari lenye safu ya jina, kidato na "sababu ya kuja". Hebu fikiria una miaka 16, baba na mama wanatengana, usingizi umekuruka, halafu unakabidhiwa kalamu ujaze safu ya tatu. Wengi huandika "ushauri wa masomo". Wakishaingia wanaongelea masomo kweli, na wanatoka na jambo lao vilevile walivyoingia nalo.

Halafu mtu mwenyewe. Asubuhi yuko getini anaandika majina ya waliochelewa. Saa nne yuko kwenye kamati ya nidhamu inayojadili nani asimamishwe masomo. Mchana anataka walewale wamfungulie moyo. Hata angekuwa malaika, kijana hawezi kujua anaongea na yupi kati ya hao watatu.

Na hatuzungumzii watoto wachache wenye matatizo ya pekee. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kijana 1 kati ya 7 wa umri wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili, na kwamba karibu nusu ya matatizo hayo yanayokuja kuwasumbua watu ukubwani huanza kabla ya miaka 15. Chukua darasa la watu 40, piga hesabu mwenyewe. Hapo hujaweka waliofiwa, wanaoonewa bwenini, wanaolea wadogo zao, wanaoshindwa kulala kwa hofu ya mtihani. Hao si wagonjwa, ila wanahitaji mtu.

Historia nayo inachangia. Unasihi wa shuleni ulianza kama kazi ya kumsaidia kijana kuchagua ajira. Frank Parsons alifungua ofisi yake kule Boston mwaka 1908 kwa ajili hiyohiyo. Mambo ya moyo yalikuja kuongezwa baadaye juu ya msingi uleule, na mpaka leo ofisi nyingi zinajua sana kumwambia mtoto achague masomo gani, lakini akianza kulia zinaanza kutafuta maji ya kunywa.

Hoja yangu ni kwamba kabla ya kuleta programu mpya, mabango na wageni wa kutoa mada, turekebishe njia ya kufika kwa mnasihi. Kijana asionekane akienda, asikutane na mwadhibu wake akifika, na aambiwe mapema nini kitabaki siri na nini hakitabaki.

Karibuni tujadili. Wa matusi pita kushoto.

---

Hoja_Nzito

Mwalimu umeandika vizuri ila mnawadekeza. Sisi tulisoma bila mnasihi, tulifiwa, tulionewa, tulilala njaa, na tupo. Mkimpa kila mtoto chumba cha kulilia, nani atasoma? Kuna wengine wakisikia neno "msongo" wanajikuta wanao.

---

nesi_wa_zamu

@Hoja_Nzito "tupo" anasema aliyepo. Wasiokuwepo hawachangii uzi.

Nafanya kazi chumba cha afya cha shule. Niwaambie ninachokiona, maana kwangu ndiko wanakofika kwanza, kwa vile kuumwa hakuna aibu. Anakuja na kichwa. Wiki ijayo tumbo. Unampima, joto la kawaida, hana kitu. Unatazama ratiba unakuta tumbo huja siku za somo fulani au siku za kurudi nyumbani. Ukimpa dawa ya maumivu na kumrudisha darasani umeifunga njia pekee aliyoipata ya kusema.

Siku hizi nina mazoea ya kumuuliza kitu kimoja nikiwa namfunga kifaa cha kupimia presha, mikono yangu ikiwa na shughuli na macho yangu yakiwa kwenye mshale, simtazami usoni: "Na nyumbani na darasani mambo yanaendaje?" Kijana huongea zaidi akiwa hatazamwi. Ukimkalisha mbele yako meza katikati, ukamkazia macho ya huruma, anakauka.

Jambo jingine ambalo walimu wengi hawalijui: sonona (depression) kwa kijana haionekani kila mara kama huzuni. Mara nyingi inaonekana kama hasira. Anajibu vibaya, anagombana, anaacha mpira aliokuwa anaupenda, alama zinashuka, analala darasani. Kwenye vigezo vya utabibu kuudhika-udhika kunahesabiwa kwa vijana pale ambapo kwa mtu mzima tungetafuta huzuni. Sasa mtoto wa namna hiyo shuleni anapelekwa wapi? Kwenye nidhamu. Mara tatu mfululizo. Halafu anaitwa mtukutu.

---

Mzazi_Mkali

Nimesoma mpaka mwisho. Nina swali na sitaki kuzungushwa. Mtoto ni wangu. Mimi ndiye ninayemlipia, ninayemlisha. Iweje mwalimu ajue jambo la mwanangu halafu mimi nifichwe kwa jina la "siri"? Siku likitokea la kutokea mtakuja kunipa pole?

---

Chaki_Nyeupe

@Mzazi_Mkali swali zuri kuliko yote na wengi wanaogopa kuliuliza. Nitajibu kwa urefu kidogo.

Siri ya unasihi ina mipaka, na mnasihi anayeijua kazi yake anaitaja mipaka hiyo kabla kijana hajaanza kuongea. Yaani dakika ya kwanza kabisa. Mimi husema hivi: "Tutakayoongea yanabaki hapa. Siendi kuyasema chumba cha walimu, wala kwa mwalimu wako wa darasa. Ila yapo mambo ambayo siwezi kuyakalia kimya: ukiwa kwenye hatari ya kujidhuru au kufa, ukitaka kumdhuru mtu, au kuna mtu anakuumiza au kukutumia vibaya. Hapo nitalazimika kumshirikisha mtu anayeweza kukulinda, na wewe ndiye utakayekuwa wa kwanza kujua kwamba nafanya hivyo."

Kwa hiyo lile unaloliogopa, la kupewa pole, ndilo hasa ambalo hutafichwa. Isipokuwa kama anayemuumiza anatoka humo humo nyumbani. Hapo taarifa inaenda kwanza kwa wenye mamlaka ya kumlinda mtoto, na nadhani unaelewa kwa nini.

Yanayobaki siri ni haya mengine. Amegombana na rafiki. Anampenda mtu asiyempenda. Anahisi amewaangusha wazazi. Ukilazimisha kuyajua yote hayo hutayajua. Kitakachotokea ni kwamba hatayasema popote, na wewe utabaki na mtoto anayejibu "niko sawa" kila ukipiga simu. Nikiona jambo linamzidi, kazi yangu ni kumuandaa aseme mwenyewe kwa mzazi. Huwa tunafanya mazoezi: mimi najifanya mama, yeye anasema sentensi ya kwanza. Sentensi ya kwanza ndiyo ngumu, zikishatoka mbili tatu mengine yanafuata. Wengine huomba niwepo, nami nakuwepo, nakaa upande wake wa meza, siongei mpaka akwame.

Na kuna uvunjaji wa siri ambao hauna uhusiano wowote na mzazi. Mnasihi anatoka kikaoni, anaingia chumba cha walimu, anavuta kiti: "Jamani yule mtoto wa kidato cha tatu, mnajua nyumbani kwao…" Hana nia mbaya, anamwonea huruma kweli. Kesho yake mwalimu wa hesabu anamwambia yule mtoto mbele ya wenzake, "Najua una matatizo, lakini jitahidi." Kazi imeishia hapo. Si kwa huyo mtoto tu, kwa darasa zima na kwa wadogo zao watakaokuja.

---

Mzazi_Mkali

Sawa. Hilo la kutaja mipaka mwanzoni sikulijua. Naendelea kusoma.

---

Mkuu_Mstaafu

Nimeongoza shule, sasa nimepumzika. Mwalimu Chaki ana hoja ila anaongea kama mtu asiyewahi kupanga ratiba. Chumba chenye mlango wa pembeni utakitoa wapi wakati madarasa yenyewe hayatoshi? Mnasihi asiyefundisha na asiyekaa kwenye nidhamu utamlipa kwa fungu gani? Chama cha washauri wa shule cha Marekani kinapendekeza mshauri 1 kwa wanafunzi 250, na hata huko kwao shule nyingi haziufikii uwiano huo. Ufini sheria inataka mwanafunzi anayeomba kumwona mwanasaikolojia au mtaalamu wa ustawi wa jamii wa shule apate nafasi ndani ya siku 7 za kazi, na kama ni dharura siku hiyohiyo au inayofuata. Ni nzuri sana. Lakini kuna shule ambako mtu wa namna hiyo hajawahi kupita hata kwa kusalimia.

Kwangu jibu lilikuwa kutazama huduma kama ngazi. Ngazi ya chini ni ya wote: namna walimu wanavyoongea na wanafunzi, mtoto kujulikana kwa jina, uonevu kushughulikiwa siku hiyohiyo. Hiyo haihitaji mtaalamu. Ngazi ya kati ni kundi dogo linalohitaji kuangaliwa zaidi, waliofiwa, waliohamia shuleni karibuni, wanaoanza utoro. Juu kabisa ni wachache wanaohitaji tabibu, na hapo shule kazi yake ni kujua kwa kuwapeleka na kuwafikisha. Kosa tunalofanya ni kumwachia mnasihi mmoja ngazi zote tatu. Anaelemewa, anaishia kujaza fomu.

---

Chaki_Nyeupe

Mkuu, chumba sikuombi. Naomba benchi lihamishwe na lile daftari lichomwe moto. Haya mawili hayana fungu.

Kwa kuonekana ipo njia rahisi: kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza aitwe kwa mnasihi mara moja muhula wa kwanza, wote, kwa zamu ya orodha ya darasa, dakika chache tu za kufahamiana. Faida yake ni kwamba kuingia kwenye chumba hicho kunakuwa si habari. Na kila mmoja anakuwa ameshaiona sura ya mtu na kusikia ile sentensi ya mipaka siku ambayo hana shida yoyote.

---

Tarakimu

Nakuja na ushahidi kidogo maana uzi huu una hisia nyingi.

Swali la Hoja_Nzito, "nani atasoma?", lilishapimwa. Mwaka 2011 Joseph Durlak na wenzake walikusanya tathmini za programu 213 za kufundisha stadi za kijamii na kihisia shuleni, kuanzia chekechea hadi sekondari, jumla ya wanafunzi 270,034. Waliopata programu hizo walifanya vizuri zaidi kimasomo kwa tofauti ya nafasi 11 kwenye mpangilio wa watu 100. Kwa lugha ya darasani, mtoto aliyekuwa katikati kabisa ya wenzake 100 angewapita wengine kama 11. Na programu zilizoendeshwa na walimu wenyewe darasani zilifanya kazi, haikuhitaji kuleta watu wa nje.

Ila msikimbilie kununua kila kitu. Uingereza walifanya jaribio kubwa la kufundisha mazoezi ya utulivu wa akili (mindfulness), shule 84, wanafunzi zaidi ya 8,000. Matokeo yalitoka 2022: hayakuzidi yale ya shule zilizoendelea na masomo yao ya kawaida ya malezi. Wanafunzi wengi hawakuyafanya kabisa mazoezi wakiwa nyumbani. Kwa maoni yangu walichoshwa. Kitu kilichopangwa na watu wazima, kikashushwa darasani kwa wote siku moja, vijana hukipokea kama kipindi kingine cha kuvumilia.

Linganisha na utafiti wa nchi 10 za Ulaya uliochapishwa 2015: shule 168, wanafunzi zaidi ya 11,000. Walijaribu njia tatu. Moja, kuwafundisha walimu kutambua dalili. Mbili, kuwachuja wanafunzi kwa dodoso na kuwaita walioonekana hatarini. Tatu, kuwakutanisha wanafunzi wenyewe kwa takriban saa 5 katika wiki 4, wakiigiza hali za maisha yao, wakijadili, wakifahamishwa waende wapi. Baada ya mwaka mmoja, kundi la tatu ndilo lililoonyesha tofauti ya maana: majaribio ya kujiua yalikuwa kama nusu ya yale ya kundi la kulinganishia. Mafunzo ya walimu peke yake hayakutosha.

Na kwa Mkuu anayelia na fungu: Kenya kuna mpango wa Shamiri. Vikao 4 vya saa 1, makundi madogo, na wanaoviongoza ni vijana waliomaliza sekondari karibuni, wenye miaka 18 hadi 22, waliopewa mafunzo mafupi. Hawaongelei ugonjwa. Wanaongelea kwamba mtu anaweza kubadilika, kushukuru, na yale mtu anayoyathamini. Jaribio la wanafunzi 413 lililochapishwa 2021 lilionyesha dalili za sonona na wasiwasi zilipungua zaidi kuliko kwa wenzao waliokaa vikao vya idadi ileile wakifundishwa mbinu za kusoma.

---

Mkuu_Mstaafu

Hili la vijana wa miaka 18 kuongoza linanigusa. Niliona mwenyewe kwamba mtu aliyekuwa akisikilizwa zaidi shuleni kwangu hakuwa mwalimu. Alikuwa mtunza maktaba. Hakuwa na cheti chochote cha unasihi, ila alikuwa na mambo matatu: hakuwa na alama za kutoa, hakuwa na adhabu ya kutoa, na alikuwepo pale kila siku saa zilezile. Watoto walikuwa wanarudisha vitabu ambavyo hawajavisoma, ili tu wapate sababu ya kusimama pale.

---

Chaki_Nyeupe

Mkuu umemaliza. Kila shule ina mtu wa namna hiyo: mtunza maktaba, mpishi, mlinzi, fundi wa maabara. Badala ya kumwambia "usijihusishe na wanafunzi", akae na mnasihi aelezwe mambo machache. Asikilize bila kuhubiri. Asiahidi kutunza siri yenye hatari ndani yake. Ajue amwone nani, na ajue hatalaumiwa kwa kusema. Msaada wa kwanza wa kisaikolojia unaofundishwa na Shirika la Afya Duniani una maneno matatu tu, tazama, sikiliza, unganisha, na umeandikwa kwa ajili ya watu wasio wataalamu.

---

form_ya_mwisho

samahani naingilia. mimi ni mwanafunzi. kuna rafiki yangu aliniambia anaona bora asingekuwepo na kwamba wote wangepumzika. akaniapisha nisimwambie mtu. sasa nikisema atanichukia na nisiposema siwezi kulala. shuleni kwetu mnasihi ndo huyohuyo mwalimu wa nidhamu kama mlivyosema. nifanyeje

---

nesi_wa_zamu

Mdogo wangu, umefanya vizuri kuandika. Nakujibu moja kwa moja.

Kwanza, hiki kiapo hakikufungi. Rafiki yako alikuapisha kwa sababu anaogopa, na amekuambia wewe kwa sababu sehemu yake inataka mtu ajue. Anaweza kukasirika. Urafiki uliokasirika hutengenezeka.

Pili, usilibebe peke yako, na usingoje kesho. Leo hii mtafute mtu mzima mmoja unayemwamini. Si lazima awe mnasihi. Anaweza kuwa matroni au mlezi wa bweni, mwalimu mmoja asiye na maneno mengi, mzazi wako, shangazi, kiongozi wako wa dini, nesi. Mwambie kwa maneno ya rafiki yako kama alivyoyasema, usiyapunguze: "Fulani ameniambia anaona bora asingekuwepo. Naogopa anaweza kujiua. Naomba msaada leo." Wa kwanza akipuuza, nenda kwa wa pili. Usikate tamaa kwa mmoja.

Tatu, unaweza kumuuliza rafiki yako waziwazi, "Unawaza kujiua?" Watu wengi wanaogopa kwamba swali hilo litampa wazo. Tafiti zilizopitiwa hazioni hivyo, wengi hupata nafuu kwamba hatimaye mtu ameuliza. Akisema ndiyo, au akikuambia ameshapanga namna na siku, hiyo ni dharura: usimwache peke yake, kaa naye mpaka mtu mzima afike, na kituo cha afya kilicho karibu kinapokea dharura ya namna hii kama kinavyopokea ajali.

Nne, wewe si daktari wake. Ukishamfikisha kwa mtu mzima umefanya sehemu yako yote. Ukitaka kuongea kuhusu wewe mwenyewe unavyojisikia, niandikie humu humu hata saa hizi.

---

form_ya_mwisho

kuna matroni. naenda sasa hivi

---

Chaki_Nyeupe

Nenda. Tupo hapa.

Naomba wachangiaji wengine msimuulize maswali ya shule gani, mkoa gani. Tumwache.

---

Hoja_Nzito

Nimenyamaza kidogo hapo juu. Sijabadili msimamo wote ila nina swali la haki. Mnaongea kana kwamba nidhamu ni adui. Mtoto anayewapiga wenzake bwenini naye mtamkalisha na kumuuliza anajisikiaje? Na yule aliyepigwa je?

---

Chaki_Nyeupe

Aliyepigwa kwanza. Siku hiyohiyo. Ahakikishiwe usalama wake: nani analala karibu naye, nani anamtazama usiku, akiona hatari anaenda mlango gani. Shule nyingi huanza na mpigaji, kikao kinachukua wiki, na huku aliyepigwa analala chumba kimoja naye.

Kumwonea huruma mpigaji hakumwondolei matokeo. Aadhibiwe kwa kanuni za shule, na nyie wa nidhamu ndio wenye kazi hiyo. Ninachokataa ni mtu yuleyule kutoa adhabu na kusikiliza. Na mpigaji baada ya adhabu akae na mtu wa kumuuliza yanayomsibu, kwa sababu adhabu humwambia nini asifanye, haimwambii afanye nini na hasira aliyonayo. Wapigaji wengine nao wanapigwa mahali.

Kitu kimoja nakionya: kuwakalisha wawili hao meza moja "wapatanishwe, washikane mikono". Uonevu si ugomvi wa watu wanaolingana nguvu. Ukimlazimisha mnyonge amkabili mbabe mbele yako, atasema yameisha. Yatakuwa hayajaisha, ila hatakuja tena.

---

nesi_wa_zamu

Naongeza la usingizi, tumelisahau. Kijana wa sekondari anahitaji saa 8 hadi 10 za kulala, na mwili wake wa umri huo huchelewa kusikia usingizi usiku. Shule inayowaamsha kabla ya jua na kuwalaza usiku wa manane kwa ajili ya kujisomea inazalisha yenyewe nusu ya hasira inazoziadhibu. ("Nusu" ni yangu, Tarakimu usinikamate.)

---

Tarakimu

Nimeacha ipite.

---

Mzazi_Mkali

Nina kikao cha wazazi karibuni. Kawaida tunaongelea michango na matokeo tu. Nikitaka kuuliza kuhusu haya bila kuonekana nina mtoto mwenye matatizo, niulize nini?

---

Chaki_Nyeupe

Uliza kama unavyouliza habari ya maabara, kwa sauti ya kawaida. Mnasihi wa shule ni nani, na je, anakaa pia kwenye kamati ya nidhamu? Mwanafunzi akitaka kumwona anafanyaje, anaomba ruhusa kwa nani, na anatakiwa kutaja sababu? Hilo la ruhusa usiliache, maana kuna shule mtoto lazima amweleze mwalimu wa kipindi kwa nini anatoka. Karatasi ndogo isiyo na maelezo, inayosema tu "anahitajika saa tano", inatosha.

Kisha uliza ikitokea jambo limezidi uwezo wa shule, wanampeleka wapi na nani anamsindikiza. Hapa ndipo utakapojua kama huduma ipo kweli. Kama ipo utatajiwa kituo, utatajiwa cheo cha mtu wanayempigia, utaambiwa na mzazi anashirikishwa hatua gani. Kama haipo utajibiwa "huwa tunaangalia kulingana na hali".

Ukipata jibu hilo la mwisho usigombane. Omba liandikwe kwenye muhtasari wa kikao kwamba utaratibu wa rufaa utaletwa kikao kijacho, na mtajie mzazi mwingine mmoja alifuatilie pamoja nawe, ili ukikosa kufika lisife.

---

Mzazi_Mkali

Nimeandika pembeni. Mzazi wa pili ninaye tayari, mkali kuliko mimi.